Nani Aliwakusanya Wapigaji?

Mhadhara wa wazi, Posta, Dar es Salaam



Tarehe 26 Machi 2022, mwezi mmoja na siku mbili tangu Urusi iivamie Ukraine kwa jeshi kamili, wapigaji wachache wa vyombo vya nyuzi waliteremka ngazi za kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Kharkiv, wakatoa vyombo mikobani, wakaanza kupiga. Siku hiyo ndipo lilipopangwa kufunguliwa tamasha la muziki la mji wao, KharkivMusicFest. Kumbi za juu hazikukalika tena, mji ulikuwa ukipigwa makombora. Basi tamasha likawafuata watu kule walikohamia, kwenye sakafu ya kusubiria treni, walikolala na watoto wao na magodoro yao. Wapigaji wakapiga wimbo wa taifa, wakapiga Bach, ambaye alikuwa Mjerumani, wakapiga na nyimbo za asili za kwao. Kisha wakafunga mikoba.

Nimeombwa nizungumze juu ya muziki wa namna hiyo, muziki wa watu wachache unaopigwa huku vita vikiendelea. Mazungumzo ya aina hii huwa yanaishia kwenye jibu moja kati ya mawili. Wa kwanza husema ni anasa, kwamba mwenye njaa hapigiwi fidla. Wa pili husema muziki huleta amani, muziki ni lugha ya dunia nzima, na kadhalika, mpaka msikilizaji asinzie. Wa kwanza simkubali kwa sababu waliokuwa chini ya makombora hawakumtuma aseme hivyo kwa niaba yao. Wa pili simkubali kwa sababu sijapata kuona mzinga ulionyamazishwa na fidla. Vita vya Ukraine viliendelea baada ya tamasha lile kama vilivyokuwa kabla yake.

Nadhani sote tunaanzia pasipo. Tunauliza muziki ulisema nini na ulimtuliza nani. Swali langu mimi ni la kawaida kabisa, karibu ni swali la mjumbe wa nyumba kumi: wapigaji wale walikusanywa na nani, na walipokwisha kukusanyika waliishi vipi wao kwa wao? Na mifano ya kulijibia iko karibu zaidi na viti vyetu hivi kuliko Kharkiv.

Kwanza niseme kidogo juu ya muziki wenyewe. Wazungu wana aina ya muziki uliotungwa upigwe chumbani badala ya ukumbi mkubwa. Mara nyingi ni watu wanne: fidla mbili, fidla moja kubwa kidogo yenye sauti ya chini, na chelo. Hakuna mtu anayesimama mbele na kifimbo. Kila sauti ina mtu wake mmoja, kwa hiyo hakuna wa kujificha nyuma yake. Ukikosea, umekosea wewe, na wenzako watatu lazima wakusubiri au wakukokote. Wanaongozana kwa macho na kwa pumzi. Wapo wanaodhani huu ni muziki wa wenye suti tu. Lakini mtu aliyekulia Pwani hahitaji kufundishwa jambo hili na Wazungu wa Vienna. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake hakwenda na okestra ya watu thelathini. Alikwenda na kikundi kidogo, watu waliozoeana hata mmoja akijua mwenzake atavuta pumzi wapi. Safu ndefu za fidla za mtindo wa Misri zilikuja kutamba baadaye.

Sasa twende nje. Pale kwenye mzunguko wa Samora na Maktaba amesimama Askari wetu wa shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, tangu 1927. Maneno ya Kiingereza yaliyo chini yake yaliandikwa na Rudyard Kipling, na yanawakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Jina la mtu hata mmoja halimo. Vita vile vilipita hapa hapa. Novemba 28, 1914 meli za kivita za Waingereza ziliupiga mji huu mizinga, na jumba la gavana wa Kijerumani likabomolewa. Ikulu mnayoijua iliinuka baadaye juu ya msingi wake. Tarehe 4 Septemba 1916 mji ulisalimu amri. Waingereza wakaja na jeshi lao la wapagazi, wakaliweka upande wa pili wa Mnazi Mmoja, na eneo hilo limebaki na jina la jeshi hilo hadi leo: Kariakoo. Kila mnapokwenda kununua kitenge mnakanyaga kambi ya vita.

Wapagazi wale walibeba masanduku ya risasi na magunia ya mchele katika matope ya Rufiji na kuvuka nchi ya kusini yote. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na njaa. Walitoka kila kabila, lugha zao hazikuwa moja, wengi walikamatwa tu vijijini wakaambiwa tembea. Mtu wa namna hiyo akifa kambini, nani amzike? Akiugua, nani amchotee maji? Mjomba yuko mwendo wa wiki tatu kutoka hapo.

Walichokuwa nacho ni beni. Ngoma hii ilianzia mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu: mwendo wa gwaride, ngoma kubwa, tarumbeta kwa aliyeweza kuzipata. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na mwenye kutaka kuielewa Dar es Salaam ya zamani bila kukisoma anajisumbua. Huku kwetu vilitamba vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona mabwana, watu wa mjini, makarani. Arinoti walikuwa watu wa bara, wapishi, vibarua, na hawakuona haya kuwajibu Marini kwa nyimbo ambazo sidhani zingepita kwenye redio ya leo. Vita havikuvimaliza vyama hivyo. Kinyume chake, askari na wapagazi walivisambaza, wakavipeleka kila walikopelekwa, mpaka Tabora, mpaka Songea, mpaka Nyasaland. Huko kusini walikokosa tarumbeta za shaba walitengeneza za vibuyu, na ngoma za jamaa hiyo, mganda na malipenga, bado zinachezwa kando ya Ziwa Nyasa.

Sasa angalieni walivyojipanga. Kila chama cha beni kilikuwa na vyeo. Palikuwa na mfalme, gavana, majenerali, madaktari, mahakimu. Wengine walijipa majina ya wakuu wa Kijerumani. Mzungu aliyewatazama alicheka, akasema nyani huiga. Waliosoma zaidi waliona dhihaka, Mwafrika akimcheza bwana wake. Yote mawili yanawezekana, lakini tazameni kazi ya vyeo hivyo. Mwanachama akifa, chama kilimzika. Akiingia mji mgeni, aliulizia walipo wenzake wa Marini, akapokewa, akalishwa. Ada zilikusanywa, barua zilikwenda kutoka tawi hadi tawi. Baada ya vita watawala wa Kiingereza walipata wasiwasi walipotambua kwamba hao wacheza ngoma wana mtandao nchi nzima, tena unaoendeshwa na watu weusi wenyewe. Walikuwa na haki ya kupata wasiwasi. Jeshi lililowakusanya watu wale liliwakusanya ili wabebe na wafe. Beni iliwakusanya watu wale wale mara ya pili, safari hii kwa hiari yao, na ikawapa cheo ambacho ofisa wa jeshi asingewapa.

Nakaa hapa kwenye beni kwa makusudi, kwa sababu watu huipita haraka wakikimbilia dansi. Gwaride lile la Kariakoo na kikundi kile cha Kharkiv, kwa masikio, havifanani hata kidogo. Kimoja ni kelele za barabarani, kingine ni nyuzi nne nne. Lakini vyote viwili vilifanya kazi moja: mahali ambapo vita vilivunja kila mpango, vilibakiza mpango mmoja mdogo ambamo mtu ana nafasi yake, anajulikana, na asipotokea anaulizwa yuko wapi.

Vita vya pili vya dunia nitavipitia haraka. Jeshi la KAR, la askari Waafrika chini ya Waingereza, liliunda kikosi cha burudani, na humo alikuwamo Fundi Konde, kijana wa pwani ya Kenya aliyefika Ceylon, India na Burma na gitaa lake. Aliporudi alikuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa gitaa tunaouita leo zilipendwa. Hapa mkusanyaji alikuwa jeshi lenyewe, na nia yake haikuwa ya siri: askari akicheka jioni, asubuhi atapigana vizuri zaidi. Muziki wa vitani unaweza kuwa silaha ya mwenye vita. Tukifika mji wa Kherson, kule Ukraine, mtaona kwa nini nalisema hili.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo Watanzania wengi hawalijui. Kuanzia 1942 meli zilileta hapa Tanganyika maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin kupelekwa Siberia na Kazakhstan, kisha wakatokea Uajemi. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Wengi wa watu hao walitoka maeneo ya mashariki ya Poland ya wakati huo, na sehemu kubwa ya maeneo hayo leo ni magharibi ya Ukraine, ukiwamo mji wa Lviv. Tengeru walikuwa na shule, kanisa, kwaya na michezo ya kuigiza, chini ya Mlima Meru, katikati ya mahindi. Makaburi yao yapo na yanatunzwa. Kwa hiyo anayesema vita vya Ukraine vinatuhusu nini, aanze kwa kwenda Tengeru na basi la Moshi.

Tena mambo haya yana tabia ya kuzungukana. Wimbo ambao Waukraine wanaupiga sana siku hizi katika mazishi na kumbukumbu ni kipande kifupi kiitwacho Melodia, cha Myroslav Skoryk, alichokitunga mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya filamu. Skoryk alizaliwa Lviv mwaka 1938, na mwaka 1947 familia yake nayo ilisombwa kupelekwa Siberia. Alifariki 2020, hakuviona vita hivi vikubwa. Kipande chake hakina neno hata moja la vita.

Sasa dansi. Mwaka 1978 ni mwaka wa ajabu katika muziki wa mji huu. Mwisho wa Oktoba Idi Amin alivuka mpaka akaingia Kagera, na Aprili 11 ya mwaka uliofuata majeshi yetu yakaingia Kampala. Mwaka huo huo wa 1978 Mlimani Park ilianza, bendi ambayo wengi wenu mliicheza DDC Kariakoo na mnaiita Sikinde. Mwaka huo huo alifika Dar kijana wa Kindu, mashariki ya Congo, aliyezaliwa 1947, aliyeitwa na mjomba wake ajiunge na Orchestra Makassy. Jina lake Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu Remmy. Makassy yenyewe ilianzia Kampala, ikahamia huku katika miaka ya utawala wa Amin. Kindu nayo ilikuwa imetekwa na waasi wa Simba mwaka 1964. Sisemi kwamba Wacongo wote waliokuja kupiga hapa walikimbia risasi. Wengi walikuja kwa sababu Dar palikuwa na kazi, na mwanamuziki hufuata kazi. Lakini walitoka nchi iliyokuwa imeungua, wakaingia nchi iliyokuwa inaingia vitani.

Na walipofika walifanya nini? Orchestra Maquis, iliyotoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilijigeuza kampuni ya wanamuziki wenyewe, OMACO, wakamiliki bendi yao kwa pamoja. Wenzao wa Kitanzania wakati huo wengi waliajiriwa na mashirika ya umma: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, na Sikinde ikaja kuwa ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam mwaka 1983. Mshahara wa mwezi, vyombo vya mwajiri. Mfumo huo ulikuwa na faida zake, hasa baada ya vita vya Kagera, hazina ilipokauka na hata seti ya nyuzi za gitaa ikawa shida kupatikana. Lakini aliyeajiriwa aweza kuagizwa apige nini. Mwenye kampuni yake huagizwa na wachezaji walioko ukumbini tu. Remmy alipopata bendi ya Super Matimila aliimba juu ya masikini na juu ya kifo kwa namna ambayo nina shaka shirika la umma lingemruhusu, na sauti hiyo ilimfikisha kwenye matamasha ya WOMAD kule Ulaya mwaka 1988.

Mwenye shaka kwamba swali la nani amekusanya wapigaji ni la kufa na kupona, asikilize habari ya Kherson. Mji huo wa kusini ya Ukraine ulitekwa na Warusi mwezi Machi 2022. Ulikuwa na okestra ndogo ya chumbani iitwayo Gileya, na kiongozi wake aliitwa Yuriy Kerpatenko. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Muziki, na watawala wapya walitaka siku hiyo lifanyike tamasha mjini, Gileya ipige, ili ionekane kwamba maisha ya raha yamerudi. Kerpatenko alikataa. Kwa taarifa ya Wizara ya Utamaduni ya Ukraine, askari wa Kirusi walimuua kwa risasi nyumbani kwake. Wiki chache baadaye, Novemba 11, mji ukarudi mikononi mwa Waukraine.

Huenda fidla zilizotakiwa Kherson zingepiga muziki ule ule uliopigwa Kharkiv. Huenda hata Bach yule yule. Ukiwa na masikio tu, huwezi kutofautisha. Tofauti iko katika aliyeita. Kharkiv waliitana wenyewe, Kherson waliitwa na aliyeshika bunduki ili wamsaidie kusema uongo. Ndiyo maana nasema anayesifu muziki wa vitani kwa jumla, kila tamasha, kila mahali, hajafikiri vya kutosha. Yapo matamasha ambayo heshima ya mwanamuziki ni kutokuyapiga.

Mfano mwingine wa waliojikusanya wenyewe ni jirani zetu wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekosa kazi, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Walikuwa na fidla chache kuliko watu, wakazipokezana. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Wengi wao hawakuwa wamesoma noti popote, walifundishana. Miaka miwili baadaye vita vya Congo vikaanza, vikala mamilioni, na okestra ile haikuvunjika. Na Goma, mashariki ya Congo, ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu Februari, walikuwapo wapigaji wa miji hiyo walioanza safari ile ile ya akina Remmy, wengine mpaka Kigoma, wengine mpaka kwenye baa za Sinza na Temeke mnazozijua. Mnawasikia Ijumaa usiku. Hamuwaulizi majina.

Basi nina pendekezo, na naomba mlichukue kama pendekezo la kazi. London, tarehe 10 Oktoba 1939, mpiga piano Myra Hess alianzisha matamasha ya saa ya chakula cha mchana katika jumba la picha la taifa, National Gallery, ambalo picha zake zilikuwa zimehamishwa kwa kuhofia mabomu. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Makarani wa ofisi za jirani walikula sandwichi zao huku wanasikiliza watu wawili, watatu, wanne wakipiga. Yaliendelea hadi Aprili 1946, siku za kazi, mabomu yakianguka na yasipoanguka.

Posta nayo ina makarani wengi, na saa saba mchana inawamwaga wote barabarani. Ina Azania Front, kanisa ambalo Wajerumani walilimaliza 1902, lenye dari la juu na sauti nzuri. Ina kumbi za ofisi za umma ambazo mchana hukaa tupu. Waukraine wakija kupiga hapa, na wapo wanaozunguka dunia sasa hivi wakipiga, wasiletewe ukumbi wa hoteli na zulia jekundu. Wawekwe mchana, pamoja na wapigaji wa fidla na ganuni kutoka Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kule Zanzibar, na gitaa mbili za Wacongo. Wapewe siku mbili za mazoezi pamoja kabla, bila kiongozi wa kutoka wizarani, wakubaliane wenyewe nani aanze. Karatasi ya matangazo ichapishe majina yote, na la mpiga rika, ile tari ndogo ya taarabu, liwe na ukubwa sawa na la mpiga fidla mgeni. Na bajeti ipangwe hivi: kwanza posho ya wapigaji, pili nauli ya Mbagala na Gongo la Mboto, tatu maji ya kunywa. Hotuba ya mgeni rasmi iwekwe mwisho, kama muda utakuwa umebaki.